Malaika Hawavai Buti

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na ukiniuliza kwa nini nitakujibu ni kwa sababu ya viatu. Ngoja, usicheke kwanza. Umekuja na daftari lako kuniuliza habari za malaika, maana Jumapili unawafundisha watoto wa kanisa lenu pale Ntinda, na wamekuchosha kwa maswali: wana mabawa mangapi, wanakula nini, wanalala wapi. Mabawa waachie wachoraji. Mimi nitakueleza kazi yao, kwa sababu na mimi niliwahi kupewa kazi ya namna hiyo, na siku ya kwanza niliiharibu vibaya mno.

Vita vya Uganda vya mwaka themanini na sita vilikuwa vimekwisha miezi michache tu nyuma. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, kijana wa Bunia, na nilikuwa nimeanza kuvuka mpaka na mizigo ya vitenge kumpelekea shangazi yangu aliyekuwa akiviuza Kawempe, Kampala. Nchi yetu wakati ule ikiitwa Zaire. Nilikuwa na mambo mawili ya kujivunia. La kwanza ni sauti yangu, maana kanisani niliimba besi, nikiitikia hata madirisha yanaitikia. La pili ni buti. Nilizinunua kwa mwanajeshi mmoja wa kwetu aliyekuwa na shida zake, nyeusi, ndefu hadi kwenye muundi wa mguu, zenye chuma kisiginoni. Nikitembea nazo kwenye saruji nilijisikia mimi mwenyewe naingia. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na mimi namshukuru Mungu kwamba sehemu ya ule moshi ilienda kabisa.

Siku ya kuondoka Bunia, mwanamke mmoja alinishika mkono wa shati pale sokoni. Alikuwa na mtoto mgongoni. Jina lake Nakato, Mganda, aliyekuwa amekimbia vita huko Luweero pamoja na watu wengine, wakatembea hadi ziwani, wakavuka, wakaangukia kwetu. Alikuwa amesikia naenda Kampala. Mama yake alikuwa huko huko, mtaa wa Kasubi, naye tangu akimbie hakuwa amepata neno lake hata moja. Barua hakuandika, kwa sababu barua zilikuwa zikifunguliwa njiani, na mama mwenyewe hakujua kusoma. Akanipa ujumbe kwa mdomo.

"Mwambie Nnalongo wa Kasubi," alisema, na Nnalongo ndilo jina la heshima wanalomwita mama wa mapacha, "mwambie Nakato yuko hai. Nina mtoto wa kiume, ana masikio ya babu yake. Nakuja maharage yakishavunwa. Asihame. Nikikuta mlango umefungwa nitajua amekufa, nitageuka siku hiyo hiyo na sitarudi tena Kampala, maana sina mtu mwingine."

Nikasema sawa, nimesikia. Akasema, "Hatakuamini. Watu wamedanganywa sana. Mpe alama hii: ule mtungi mweusi wa maji haukuvunjwa na mbuzi. Niliuvunja mimi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinirudisha mwanzo nikakariri mara tatu, mbele ya wauza samaki, kama mtoto wa shule. "Usiongeze, usipunguze," akaniambia, kisha akaachia shati langu.

Mwanangu, pacha mwenzake Nakato alikufa wakiwa wachanga. Kwa hiyo Nnalongo alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na habari za mtoto huyo nilikuwa nazo mimi, kichwani, kati ya bei za vitenge na nyimbo za besi.

Nilifika Kawempe siku ya Jumatatu. Jumanne mchana nikaondoka kwa miguu kwenda Kasubi. Mvua ikaanza kunyesha njiani, nikavaa koti langu la mvua, refu, la kijani, nikafunika kichwa. Nataka nikwambie ukweli juu ya nilichokuwa nikifikiri njiani. Sikuwa nikimfikiria yule mama. Nilikuwa nikijifikiria mimi. Niliona jinsi atakavyopiga vigelegele, jinsi majirani watakavyojaa, jinsi kuku atakavyokimbizwa uani kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeshakula kuku wa watu kabla sijafika kwao.

Nyumba haikuwa ngumu kuipata. Ilikuwa ndogo, ya matofali, kibaraza cha saruji mbele na migomba nyuma. Ng'ambo ya njia kulikuwa na mama mmoja anauza mkaa kwenye kibanda. Dirisha lilikuwa la mbao, limefungwa, lakini moshi ulikuwa ukitoka upande wa nyuma, kwa hiyo nilijua mtu yupo. Nikapanda kibarazani. Kisigino cha chuma kikalia. Nikapiga mlango kwa ngumi, kwa sababu ya mvua, ili nisikike, na kwa sauti yangu yote ya besi nikaita kwa Kiswahili chetu cha Bunia:

"Fungula mulango! Nimetumwa! Fungula, mama, nimetumwa kwako!"

Kimya. Nikadhani hasikii. Nikapiga tena, nikazunguka kibarazani huku na huku, kwa, kwa, kwa. Kitu kikaanguka ndani. Nikafurahi, nikasema anakuja. Nikangoja. Hakuja mtu.

Mwishowe nikazunguka nyuma. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Kwenye mafiga kulikuwa na sufuria ya maharage inachemka, imeanza kuunguza chini. Na kwenye tope, kuelekea kwenye migomba, kulikuwa na kandambili moja ya mwanamke, ya mguu wa kushoto, ikijaa maji ya mvua.

Nilisimama pale nikiwa sielewi. Nikaita tena, sasa kwa sauti ndogo, "Mama? Nnalongo?" Migomba ikanyamaza. Nikafanya jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo, ni mikono tu ilifanya, kwa sababu nimelelewa na shangazi anayechukia chakula kuungua: nikaipua sufuria, nikavuta kuni pembeni, nikaokota ile kandambili nikaisuuza kwa maji ya mvua na kuiweka kwenye kizingiti. Nikarudisha mlango. Kisha nikavuka njia kumuuliza yule mama wa mkaa.

Aliniangalia miguuni, si usoni. "Hapana mutu pale," akasema.

"Nilikuwa naleta habari, mama."

"Hapana mutu," akasema tena, akaanza kufunika mkaa wake ingawa ulikuwa umefunikwa tayari.

Nilirudi Jumatano, na Alhamisi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Kila nilipokaribia, watu waliokuwa wakizungumza njiani walikumbuka shughuli zao. Alhamisi jioni ndipo lilipoingia moyoni: nimemfukuza mama wa watu nyumbani kwake. Binti yake anakuja maharage yakivunwa, na kule Bunia maharage yalikuwa yameshaanza kukauka shambani. Atatembea njia ile yote na mtoto mgongoni, atakuta kufuli, atageuka. Na kufuli nililitia mimi. Sikula siku hiyo. Shangazi akadhani ni malaria.

Ijumaa asubuhi chuma cha kisigino kikang'oka. Nikaenda kwa fundi viatu.

Fundi huyu alikuwa mzee jina lake Natani, alikaa na sanduku lake karibu na barabara pale Kawempe. Hakuwa Mganda. Alitoka vijiji vya milimani karibu na Mbale, kwa wale watu wa mashariki ya Uganda wanaoshika dini ya Kiyahudi, Torati na Sabato, tangu enzi za babu zao. Jumamosi, siku ambayo mafundi wote wanachuma riziki, yeye alifunga sanduku na kuwaacha wateja wapige kelele. Watu walimcheka, naye aliwacheka zaidi. Kuna miaka, chini ya utawala mmoja wa nyuma, watu wa dini yake walizuiwa kabisa kusali, wakawa wanasali kwa kunong'ona milango imefungwa. Kwa hiyo alijua mlango ni kitu gani.

Alipokea buti, akaigeuza, akaipima mkononi. "Kijana, hii kitu ulitoa wapi?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini, lakini nikaendelea, nikamweleza na habari yote, ya Nakato na mtungi na mlango na kandambili. Mkono wake ulisimama. Aliposikia niliita "nimetumwa," akafumba macho.

"Sema tena ulivyosema mlangoni."

Nikasema.

"Ulisema hivyo. Kwa Kiswahili. Na buti hii. Na koti ile."

"Mvua ilikuwa inanyesha, Mzee."

"Mwana," alisema, "hapa Kampala Kiswahili ni lugha ya askari, na kimepiga milango mingi. Na wale waliopiga, wote walisema wametumwa."

Unajua, kwetu Bunia Kiswahili ni lugha ya mama anayekubembeleza, ya soko na ya misa. Sikujua kwamba lugha ninayosalia mimi, mtu mwingine anaisikia akitafuta mlango wa nyuma. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimeutikisa unyasi kwa nguvu zangu zote, tena kwa furaha.

Nikajitetea, kama vijana wote. "Lakini nilikuwa na habari njema, Mzee!"

"Aa! Habari njema." Akaiweka buti chini ya kigoda chake, hakuanza kuishona. "Unasoma kitabu chenu?"

"Nasoma."

"Basi sikiliza. Hajiri, mjakazi wa Sara, alipokimbia kwenda jangwani, mjumbe wa Mungu alimkuta penye chemchemi. Alijua jina lake, alimwita kwa jina. Bado akamuuliza: unatoka wapi, unakwenda wapi? Kwa nini amuulize, na yeye ametoka kwa Mwenye kujua yote? Ili mwanamke aseme kwanza. Mtu akishasema habari yake, masikio yake yanafunguka. Haya. Wale watatu waliokwenda kwa Ibrahimu, hawakugonga. Walisimama mbali kidogo mchana wa jua, wakangoja mwenyeji awaone. Wakaoshwa miguu. Wakala. Habari ya mtoto ilikuja baada ya chakula, na bibi kizee akacheka ndani ya hema, na hakuna aliyemdhuru kwa kucheka."

Mimi nikakumbuka ya upande wetu, nikataka kuonyesha na mimi najua. Nikamwambia kwamba katika Injili Gabrieli alimwendea Zakaria hekaluni, akamwendea na Mariamu, na malaika mwingine akawatokea wachungaji kondeni, na kwamba asubuhi ya ufufuko wale wanawake pia walikuta mjumbe kaburini, na kwamba wote, wote kabisa, waliambiwa neno lile lile: msiogope.

"Hicho kitabu chenu sikijui sana," alisema Mzee Natani, "lakini hapo kinasema kama chetu. Gideoni aliambiwa hivyo. Danieli aliambiwa hivyo. Sasa niambie, kwa nini wanaanza na neno hilo?"

"Kwa sababu watu wanaogopa."

"Ndiyo. Na malaika anajua. Ametoka kwa Mungu, ana habari tamu, na bado anajua kwamba anatisha. Wewe hukujua. Ulijiangalia kwa macho yako, ukaona kijana mzuri ana habari nzuri. Yeye alikuangalia kwa tundu la dirisha, akaona buti."

Watu husema mjumbe hauawi, mwanangu, na ni kweli. Lakini hawasemi kwamba mjumbe anaweza kuua, na siku ile nililiona jambo hilo kwa macho yangu mawili.

Nikamuuliza, na wale malaika wenye panga je, kama yule aliyemsimamia Balaamu njiani, punda akamwona na nabii asimwone? Mzee akacheka hadi misumari ya kazi aliyoibana kwa midomo ikamtoka. "Wapo! Wapo wanaokuja na upanga. Hao wametumwa upanga. Wewe ulitumwa mtungi uliovunjika. Kila mtu avae alichotumwa."

Kisha akavuta kutoka kwenye sanduku lake jozi ya lugabire, vile viatu vya matairi ya gari ambavyo maskini wote wa Uganda wamevivaa, akanitupia. "Buti nakaa nazo. Nenda na hizi. Usibishe tena mlango wa yule mama. Kaa mahali ambapo yeye atakuona wewe kabla wewe hujamwona. Salimia watu kwa lugha yao. Usiulize kitu. Na Mungu akikupa kumwona, neno la kwanza ni hili." Akanifundisha Kiganda chake cha Mbale: totya, usiogope. Nililisema njiani kote, totya, totya, hadi mwanamke mmoja akanikwepa akidhani nimechanganyikiwa.

Lori letu la kurudi lilikuwa liondoke Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nilikuwa na siku nane.

Basi kila asubuhi nilikwenda Kasubi na lugabire zangu, bila koti, nikaketi kwenye jiwe karibu na kibanda cha mkaa. Nilisalimia kwa Kiganda, nikakosea, watu wakacheka. Mtu akikucheka ameanza kukukaribisha. Yule mama wa mkaa siku ya kwanza hakuitika. Siku ya pili aliitika kwa mguno. Siku ya tatu mvua ilianza ghafla, nikamsaidia kuingiza magunia, akanipa muhogo wa kuchemsha. Pembeni yake kulikuwa na shangazi yake, au ndivyo nilivyodhani, mwanamke mtu mzima aliyefunga kitambaa kichwani, akichambua maharage kwenye ungo siku nzima bila kuinua uso. Huyo naye nilimsalimia kila asubuhi kwa kuinama. Hakuitika hata mara moja.

Ningependa kukuambia kwamba nilikaa pale nikiwa mvumilivu. Sikuwa. Siku ya tano nilikuwa nikisema moyoni, Mungu, nilitumwa mimi mjinga, tuma mwingine. Nililiangalia lile kufuli hata nikajua kutu yake iko upande gani. Nilimfikiria Nakato akipanda kile kibaraza na mtoto mgongoni, na nilikuwa nikilia, mwanangu, mtu mzima, mbele ya kibanda cha mkaa, najifanya ni vumbi limeniingia machoni.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho kabla ya lori. Mama wa mkaa aliniangalia muda mrefu, kisha akaingia ndani ya kibanda akatuacha. Yule mwanamke wa ungo akaacha kuchambua. Akasema, na kumbe alikuwa anakijua Kiswahili vizuri tu, Kiswahili cha Kampala:

"Wewe njo ulitoa sufulia kwa moto?"

"Ndiyo, mama. Chakula kilikuwa kinaungua."

"Na kandambiri, wewe njo uliosha?"

"Ilikuwa na tope."

Mikono yake myembamba ilikuwa bado ndani ya maharage. "Mume yangu walimuita vile vile," akasema. "'Fungua, tumetumwa.' Arifungua. Harudi. Siku ile nilisema, haya, sasa ni mimi. Nilikimbia kwa mugongo ya nyumba. Lakini nilirudi jioni kuchukua nguo yangu, nikakuta moto imetorewa, nikakuta kandambiri yangu imesafishwa. Nilijiuriza siku hizi zote. Nilisema, mutu ya kuua anasafisha kandambiri ya mutu kwa nini?"

Alikuwa amekaa mbele yangu siku zote zile, mwanangu. Mimi nilikuwa nimeketi nimngoje, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinisubiri nimalize kuwa yule mtu wa buti.

Nikateremka kwenye jiwe langu, nikachuchumaa chini ili nisiwe mrefu kuliko yeye. Nikasema neno la Mzee Natani. "Totya, Nnalongo. Totya."

Na nikauliza kama yule mjumbe wa chemchemi, kwa sababu sikujua njia nyingine: "Mama, unamsubiri nani?"

Akasema jina moja tu. "Nakato."

Ndipo nikampa ujumbe, kama nilivyopewa, sikuongeza, sikupunguza. Nakato yuko hai. Ana mtoto wa kiume, ana masikio ya babu yake. Anakuja maharage yakishavunwa. Usihame. Akikuta mlango umefungwa atajua umekufa, atageuka siku hiyo hiyo na hatarudi tena Kampala, maana hana mtu mwingine. Aliniangalia kama mtu anayetazama maji yanavyopanda, na niliona hataki kuamini, anaogopa kuamini kuliko alivyoziogopa zile buti. Nikasema, "Na amenipa alama. Amesema ule mtungi mweusi haukuvunjwa na mbuzi. Aliuvunja yeye."

Ungo ukamponyoka. Maharage yote yakamwagika kwenye vumbi la mkaa.

"Yule mutoto!" akasema. "Yule mutoto murongo! Na mimi nilichinja ile mbuzi!"

Akaanza kucheka, na katika kucheka akaanza kulia, na mama wa mkaa akatoka mbio akidhani nimemfanyia kitu, akamkuta Nnalongo amejishika tumbo anasema "mbuzi, mbuzi yangu," na huyo naye akaanza kulia bila kujua anacholilia. Mimi pia. Tulikuwa watu watatu wenye akili timamu tunamlilia mbuzi aliyekufa miaka mingi.

Alipotulia, Nnalongo alipiga magoti mbele yangu kunishukuru. Ni desturi ya wanawake wa Kiganda, lakini alikuwa na umri wa mama yangu. Na hapo, mwanangu, nikakumbuka nilivyokuwa nimemkimbiza kuku wake moyoni mwangu. Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka siku ya kwanza, na sasa kilinichoma. Nikamshika mikono nikamwinua. Nikamwambia, "Usifanye hivyo, mama. Mimi ni mtu wa kutumwa tu." Sikuyatunga mwenyewe, yule mwenye maono mwishoni mwa Agano Jipya alipotaka kumsujudia malaika alikatazwa namna hiyo hiyo. Alitaka nile. Nikala, kwa sababu wale watatu wa Ibrahimu walikula. Yalikuwa maharage.

Alikwenda kulifungua lile kufuli mbele yangu. Alifungua na dirisha.

Jumamosi nikapita kwa Mzee Natani nikasahau kwamba ni Sabato yake. Sanduku limefungwa, buti ziko ndani. Nikarudi Bunia na lugabire. Nakato nilimtafuta sokoni, wakaniambia ameondoka juzi. Hatukukutana njiani. Kwa miezi miwili sikujua kitu, na hiyo, usidhani ni ndogo, ni sehemu ngumu ya kazi yenyewe. Yule malaika wa Nazareti alisema alichotumwa, akapata jibu, akaondoka. Hakukaa kusubiri mtoto azaliwe.

Niliporudi Kampala, nilipita Kasubi. Sikwenda mlangoni. Nilisimama ng'ambo ya njia, penye jiwe langu. Dirisha lilikuwa wazi. Kwenye kamba, kati ya migomba na ukuta, kulikuwa na nepi zimeanikwa, saba, nyeupe, zinapepea. Nilizihesabu mara mbili. Kisha nikaenda zangu Kawempe nikamwambia Mzee Natani, naye akasema "Ahimidiwe," na akaniuliza kama nazitaka buti. Nikamwambia azikate viraka.

Sasa mwanangu, funga daftari, haya nataka uyashike kwa moyo. Waambie watoto wako wa Jumapili kwamba malaika ni mtu wa kutumwa. Habari si yake. Ndiyo maana haongezi wala hapunguzi. Utukufu si wake. Ndiyo maana hapokei magoti. Na mwambie kila mtoto, na ujiambie na wewe kwanza, kwamba na yeye atatumwa siku moja, kwa jirani, kwa mgonjwa, kwa mtu aliyefiwa, na kwamba kuwa na neno jema mdomoni hakutoshi. Tazama miguuni umevaa nini. Uliza huyu mtu, kabla yako, ni nani aliyepiga mlango wake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na ukiwa umeshajikwaa, kama mimi, usikimbie. Ipua sufuria ya mtu, osha kandambili yake, kaa kwenye jiwe akuone. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, lakini mama aliyejificha hutolewa na kitu kidogo ulichofanya ukidhani hakuna anayekuangalia.

Nenda sasa, wasije wakakungoja. Mungu aliyemwona Hajiri jangwani akuone na wewe. Akutume na habari nyepesi kubeba, na zikiwa nzito akupe magoti ya kuchuchumaa nazo. Popote utakapobisha, neno lako la kwanza lifike kabla ya kivuli chako, na aliye ndani alisikie, afungue mlango wa mbele.